Kutoka Mikoroshoni Hadi Mikokoni

Mwakirunge, Kisauni
14 Januari 2024

Kaka Kadenge,

Shikamoo. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu imetushinda. Nikipiga unasema "salama, salama, na nyinyi je?" kisha mtandao wa huko milimani unapotea pale pale ninapotaka kuuliza jambo. Karatasi haina pa kukatikia. Nimempa dereva wa basi, mtume mtu akuchukulie ofisini kwao.

Huku hatujambo. Judy wangu ameingia sekondari, na sare imempwaya hata anaonekana kama ameazima ya mwalimu. Mbuzi mweupe wa Mama amezaa mapacha. Mama mwenyewe ana nguvu, ila magoti yanamlalamikia alfajiri. Kila Jumapili ananiuliza habari zako, nami namwambia ulivyoniagiza: lori lilipinduka, mfupa ulivunjika, unaungwa. Juzi akaniuliza, "Mfupa gani huo, Jumwa, wa kuungwa mwaka mzima? Wanaupanda, wanaungoja uote?" Nikainama kuchochea moto, na moto ulikuwa unawaka vizuri tu.

Mimi ndiye niliyekuja hospitali nikaona shuka ilivyolala tambarare pale mguu wako wa kushoto ulipopaswa kuwa, chini ya goti. Sikusema nawe siku ile, na leo sisemi zaidi.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Unamkumbuka Pascalia, mama wa bara aliyehamia karibu na kanisa baada ya kustaafu kazi ya ofisi kule bandarini? Daktari amemwambia atembee kila siku kwa ajili ya sukari. Akajaribu barabarani, malori yakamrusha mtaroni. Akaja kwangu: "Jumwa, hakuna njia nyingine ya mtu kutembea hapa bila kufa?" Nikampeleka kwa njia ya zamani, ile ya kupitia mikoroshoni. Akafurahi kama mtoto. Jumamosi iliyofuata akaja na wenzake wanne, na iliyofuata wakaja wengine kutoka Nyali na magari yao, wakayaacha kanisani ili watembee kwa miguu! Watu wananicheka: "Mwenye gari aje kutembea kwenye mihogo ya Jumwa?" Lakini wanakuja.

Nataka kuifungua njia yote, kutoka kanisani hadi Marimani kwenye mikoko, tulikokuwa tukienda kuokota chaza na Mama. Ila tangu pikipiki zije hakuna aipitaye, imeota vichaka. Baada ya mikorosho napotea. Wewe ulikuwa ukitangulia, mimi nikitazama visigino vyako tu. Nielekeze.

Na utakuja lini?

Nduguyo,
Jumwa

*

Hospitali, Milimani
20 Februari 2024

Jumwa,

Marahaba. Barua ilifika. Huku ni baridi, hata mafuta ya nazi uliyonitumia yameganda chupani. Mpe hongera Judy. Salamu kwa Mama, mwambie nakula vizuri.

Baada ya mikorosho utakuta njia inagawanyika. Usifuate pana, hiyo inakwenda machimboni. Fuata ile inayoonekana kama imekatika. Utashuka kidogo, utasikia ubaridi miguuni kabla hujaona maji: hapo ni kijito. Ukikivuka, shamba la minazi la Mzee Mwinyihaji. Pita katikati, si ubavuni, kwani ubavuni kuna upupu. Ukitoka hapo kuna mteremko wa kwa Ruwa, halafu mchanga, halafu mikoko. Hutapotea tena.

Kuhusu kuja, usiniulize. Sitaki kupokewa kanisani kwa nyuso za matanga. Kuhusu Mama, bado.

Kadenge

*

Mwakirunge
28 Aprili 2024

Kaka,

Tuliona kijito! Tulikuwa wanawake saba na mapanga, na kabla hatujakifikia nikasikia ubaridi miguuni kama ulivyosema. Nikapiga kigelegele, mapanga yakasimama. Wakadhani nimeona nyoka.

Masika yametushukia hasa. Paa la jikoni limevuja, tumeliziba. Mihogo imestawi mpaka inatisha. Mama ameanza kuja nasi hadi mikoroshoni, anakaa chini na kutuamrisha: "Ng'oa mzizi, usikate tu, unanyoa au unalima?"

Ila tulipofika kwa Mzee Mwinyihaji tulikuta seng'enge. Ameizungushia shamba lote. Akatoka na kofia yake na shuka yake, ametulia kama mtu aliyekuwa akitungoja tangu jana.

"Karibuni. Mwenda wapi?"

"Marimani, mzee. Twafungua njia ya miguu."

"Njia ya miguu," akasema. "Bibi Jumwa, wallahi mimi sina ugomvi na miguu. Marehemu baba yako kapita hapa miaka yote, namwachia na dafu. Hawa wa pikipiki ndio walionitoa roho. Waja usiku, wapakia nazi zangu, wakata na mche mchanga. Nikasema basi, na ifungwe."

Pascalia akataka kumjibu kwa haraka zake za bara, eti ni haki ya umma. Nikamshika mkono. Nikamwambia mzee, "Tukikuhakikishia kwamba hapapiti kitu chenye gurudumu?"

"Wala baiskeli?"

"Wala toroli."

Akatafakari, akatazama minazi yake, akatutazama sisi na matope yetu. "Nitatengeneza kilango cha kupita mtu ubavu-ubavu. Anayeweza kupita hapo ni wangu. Asiyeweza, arudi kwao." Kisha akatuangushia madafu, tukanywa tumesimama.

Kwa hiyo kaka, njia imepita. Kilango chake chembamba hata Pascalia alilazimika kuvuta pumzi. Kilichobaki ni mteremko wa kwa Ruwa na mikoko.

Mbona hukusema lolote juu yako? Barua nzima ni njia tu.

Jumwa

*

Mwakirunge
16 Juni 2024

Kaka Kadenge,

Ni karibu miezi miwili, na dereva wa basi ameanza kunikwepa kwa kuwa hana la kunipa. Simu imezimwa.

Mama aliniuliza tena Jumapili. Safari hii hakufanya mzaha. Aliniambia, "Kama mwanangu amekufa, mniambie niomboleze. Msinifiche kama mtoto." Nikamwapia kwamba u hai. Hilo nililiapa kwa sababu ndilo pekee ninalolijua. Mengine sitayasema tena, si ya mfupa wala ya madaktari. Akiniuliza mara nyingine nitamwambia akuulize wewe.

Sisi wazima. Njia imefika mteremkoni.

Jumwa

*

Hospitali, Milimani
7 Julai 2024

Jumwa, mdogo wangu,

Una haki ya kukasirika. Nisikilize.

Mwezi wa Mei walinipa mguu wa bandia. Hapa kuna karakana wanakoitengeneza, na fundi wake anaitwa Lenox, kijana mcheshi anayepima kigutu cha mtu kama fundi cherehani anayepima bega. Nilidhani nitauvaa niondoke. Nilisimama, nikapiga hatua, nikaanguka kifudifudi mbele ya wagonjwa wote. Siku ya pili vivyo hivyo. Ngozi ikachubuka, ukaja usaha, nikalazwa tena. Nikautupa mguu chini ya kitanda. Nikazima simu. Barua yako ya Aprili niliiweka chini ya mto bila kuifungua, kwa kuwa nilijua utakuwa umeandika jinsi mnavyotembea.

Hii ya Juni niliifungua kwa sababu bahasha ilikuwa nyembamba, nikahofia msiba. Nilipomaliza nikafungua na ile ya Aprili. Nikamsomea Lenox habari za Mzee Mwinyihaji na toroli. Akacheka, akachungulia chini ya kitanda, akasema, "Na huyu amefungiwa na nani?" Nikautoa.

Mwambie Mama niko hai na nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Nakusihi, niachie hilo.

Sasa niambie: mteremko wa kwa Ruwa bado ni mkali kama zamani? Mmechonga vidaraja vya kukanyagia au ni udongo mtupu? Kule kwenye mchanga, mtu anazama hadi wapi? Na matope ya mikokoni yakoje maji yakitoka, yanabeba mtu? Kile kilango cha mzee, kimeelekea kushoto au kulia?

Nauliza tu. Mtu akiwa mbali hupenda kujua.

Kadenge

*

Mwakirunge
11 Agosti 2024

Kaka,

Shikamoo. Nimekusamehe kabla ya kufika ukurasa wa pili. Mama nilimwambia, "Yu hai, na amesema atakuambia mwenyewe." Akasema, "Haya," akaenda kulisha mbuzi. Jioni nikamsikia akiimba.

Maswali yako ni ya ajabu, lakini nayajibu, maana najua kiu ya nyumbani. Mteremko ni mkali vile vile. Tumechonga vidaraja na kuvizuia kwa magogo ya mikorosho iliyoanguka. Mchangani mtu anazama hadi kifundo. Mikokoni, maji yakitoka, matope yanabeba ukipita juu ya mizizi, na tumetandika makuti na mbao. Yakijaa, hapapitiki. Kilango cha mzee ukiingia unatanguliza bega la kulia.

Siku ya kuifungua rasmi ni Jumamosi ya tarehe ishirini na moja Septemba. Tutaanza asubuhi kanisani na kumalizia uwanjani Marimani, na Mama ndiye mkuu wa masufuria. Pascalia ametangaza hadi Likoni na Changamwe. Mimi silali. Wakija wachache nitachekwa hadi kaburini. Mwenyekiti wa mtaa amesema waziwazi kwamba nimewapotezea wanawake msimu wa kulima.

Kaka, njoo. Njoo kwa tuktuk hadi Marimani, ukae kitini kivulini karibu na Mama. Hutatembea hata hatua moja.

Jumwa

*

Hospitali, Milimani
1 Septemba 2024

Jumwa,

Asante kwa majibu.

Kukaa kitini kivulini sitaweza. Nina shughuli huku karakanani tarehe hizo. Usiweke kiti.

Usiogope watu kuwa wachache. Njia ile ilimlea Baba na ikatulea sisi. Itajisemea.

Kadenge

*

Mwakirunge
29 Septemba 2024

Ewe Kadenge, mwongo mwenye baraka,

Umeondoka Jumanne na mpaka leo nyumba haijatulia. Tulikaa pamoja siku mbili tukicheka na kulia, na bado sijakueleza siku ile ilivyokuwa huku mbele nilikokuwa mimi. Nawe hukunieleza ya nyuma. Naanza mimi.

Alfajiri niliamka nikakuta ukungu na kiwanja cha kanisa kitupu. Nilikaa kwenye ngazi na filimbi yangu shingoni kama refa aliyekimbiwa na timu zote mbili. Judy akaniambia, "Mama, wale kule ni nani?" Nikainua macho. Walikuwa wanakuja kwa barabara ya Kisauni, kundi baada ya kundi. Wauguzi, walimu, wazee wa kwaya wa Frere Town na fulana zao, vijana wa Timbwani waliovuka feri kabla ya jua, mama mmoja na mtoto mgongoni. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kwa suti. Nikamwuliza kama hana shamba la kulima. Akasema, "Jumwa, usinifanyie hivyo mbele ya watu."

Sikuhutubia. Nikapuliza filimbi, nikageuka, nikaanza kwenda.

Unajua nini kilinishangaza? Kelele. Njia ile niliizoea kimya, ya ndege na jembe la mtu mbali. Sasa nyuma yangu kulikuwa na mamia ya miguu juu ya majani makavu ya mikorosho, kama mvua inayokuja. Kijitoni wakavua viatu. Kwa Mzee Mwinyihaji walipita mmoja mmoja ubavu-ubavu, naye amesimama pale kilangoni na kanzu nyeupe, anamwambia kila mmoja, "Karibu. Karibu. Bega la kulia, bwana." Hakukaa hata mara moja. Huko mteremkoni mwanamke mmoja wa Nyali, mtu mzima, alisimama juu akaona mikoko yote chini na maji yanang'aa, akaniuliza, "Hii imekuwa hapa siku zote?" Nikamjibu, "Siku zote, mama. Ni nyinyi mlikuwa hamko." Sikukusudia jeuri. Akacheka, akanishika mkono hadi chini.

Tulipofika uwanjani Mama aliwapokea na mihogo ya nazi na samaki, akagombana na yeyote aliyeomba kidogo. Pascalia akacheza. Nikahesabu wote wamefika, nikakaa chini kwa mara ya kwanza, nikavua viatu. Maji yalikuwa yameanza kujaa. Ndipo Judy akasema kuna mtu mmoja bado mikokoni, anatembea na mkongojo, na kwamba amewakataa waliotaka kumbeba.

Nilikasirika, kaka. Nilidhani ni mlevi. Nilisimama pembeni mwa mbao nikapaza sauti, "Wewe bwana, ngoja tukusaidie, maji yanakuja!" Na yule mtu, bila kuinua kichwa, akanijibu, "Usiniguse, Jumwa. Nimetoka mbali."

Sijui nilipiga kelele gani. Wanasema ilisikika ng'ambo.

Tangu siku ile hakuna Jumamosi tutakayopumzika. Wageni wameshaomba hadi Desemba, shule mbili zinataka kuleta wanafunzi, na wanawake wa Maunguja wamekuja kuniuliza jinsi ya kufungua njia yao. Nimewaambia waje na mapanga, na waandike barua kwa kaka zao.

Sasa nieleze ya nyuma.

Dada yako,
Jumwa

*

Hospitali, Milimani
20 Oktoba 2024

Jumwa,

Pole kwa sauti yako. Mama ameniambia kwa simu ilikauka wiki nzima.

Nilishuka kwenye basi asubuhi ile nikiwa nimechelewa. Tulikwama Mariakani nyuma ya malori, nami nikayatazama bila hasira, nikashangaa. Nilipofika kanisani mlikuwa mmeondoka. Kulikuwa na nyayo tu, na vumbi lilikuwa bado halijatulia. Nikasema, vizuri, hakuna wa kunitazama.

Mikoroshoni nilikwenda vyema. Kijitoni nilikaa, nikavua mguu wa bandia, nikavuka kwa kutambaa na makalio kama mtoto, nikauvaa ng'ambo. Mzee Mwinyihaji alikuwa anafunga kilango. Akanitazama kuanzia juu hadi chini, akarudi juu.

"Wewe ni Kadenge wa marehemu Ngala."

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Subiri nikuitie pikipiki ikufikishe."

"Pikipiki ipite wapi, mzee? Si umeapa hapapiti gurudumu?"

Alicheka hadi kofia ikaanguka. "Wallahi umenipata." Akafungua. Nikatanguliza bega la kulia kama ulivyoandika. Alitembea nami hadi mwisho wa minazi, kwa mwendo wangu, kisha akarudi.

Mteremkoni ndiko nilikolia, na si kwa maumivu. Nilisimama juu nikaona ninyi nyote mko chini, rangi rangi mchangani, na nikasikia nyimbo. Milimani huku nilijizoeza kwenye ngazi za hospitali kila asubuhi, Lenox nyuma yangu na mikono imetandazwa. Pale hapakuwa na mtu nyuma. Nikashuka kidaraja kimoja, nikashuka cha pili. Nilianguka mara moja, nikakaa nikila vumbi, nikainuka. Mchanga ulininyonya hadi kifundo kama ulivyosema. Nilipofika mikokoni mbao za mwanzo zilikuwa tayari chini ya maji, nikazitafuta kwa mkongojo. Vijana wakaja kunibeba. Niliwaambia ninyi bebeni sufuria.

Halafu ukapaza sauti, nawe unajua yaliyofuata. Ila kuna usilolijua, kwa sababu watu walikuzunguka ukilia, na Pascalia alikuwa anakumwagia maji kichwani.

Mama hakuja mbio. Aliweka mwiko chini, akaja taratibu na magoti yake. Suruali yangu ilikuwa imekunjwa kwa ajili ya matope, kila kitu kiko wazi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Milimani. Nikasema, "Mama, mfupa haukuungwa." Akasema, "Naona." Akaita aletewe beseni. Akanikalisha juu ya mkeka, akapiga magoti, akaniosha mguu wa kulia, matope yote, katikati ya kila kidole, alivyokuwa akituosha tukitoka kwenye chaza. Kisha akabadilisha maji, akaushika wa kushoto, akauosha nao vile vile, pole pole, hadi vile vidole vya kuchongwa.

Nikamwambia, "Mama, huo hausikii."

"Nyamaza," akasema. "Umetembea nao. Nao umechoka."

Lenox amenichukua karakanani, ninajifunza kutengeneza. Desemba nitakuja, nami safari hii nitatangulia.

Kaka yako,
Kadenge